Sindano na Mwenye Sikio la Tatu

Sindano alikuwa na mdomo mbaya. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe angetaka lisemwe mapema. Nilifanya naye kazi chumba kimoja miaka tisa, yeye mashine ya tatu kutoka dirishani, mimi kwenye ovaloki, ile ya kufungia kingo za nguo zisichanuke, na sikumbuki siku aliyomsema mtu vizuri akiwa hayupo. Akiwepo ndiyo kabisa.

Tulishona sare za shule: sketi, kaptura, mashati ya kola ndogo, buluu na nyeupe mwaka mzima, mpaka ukifumba macho unaona buluu. Kilikuwa chumba kirefu chenye paa la bati na mashine sita. Pasi ya mvuke ilikaa kwenye kona, na ukutani kulikuwa na karatasi ya bosi iliyoandikwa SIMU MARUFUKU WAKATI WA KAZI. Bosi aliibandika siku ile akiwa na simu begani, ameibana kwa shavu.

Jina la Sindano hakulipata kwa ushonaji. Kama ni sindano, sote pale tulikuwa nazo. Alipewa na watu wa kundi lake la simu, kwa sababu ya namna alivyochoma watu kwa maneno.

Na alikuwa na masikio ya ajabu. "Mkanda wa mashine ya nne umelegea," anasema bila kugeuka, na kweli, ukifungua unakuta umelegea. Masikio hayo aliyapata kwao. Baba yake alikuwa mpiga tarumbeta katika bendi ya dansi iliyovuma zamani kwa miaka michache, kisha ikafa kwa ugomvi wa watu wawili, kama bendi nyingi zinavyokufa. Mtoto alilelewa kwenye mazoezi. Kabla hajajua kusoma alishajua kuhesabu ala ndani ya wimbo.

Mzee alikuwa hai bado, amepita sabini, meno ya mbele hana. Kupuliza alishaacha, maana tarumbeta haitaki midomo tu, inataka na meno ya kuiegemea. Aliishi na binti yake katika vyumba viwili nyuma ya duka la vyuma. Mume wa Sindano alishaondoka zamani. "Hakuchukua kitu ila redio," alikuwa akisema, "na redio ndiyo niliyoililia."

Lile kundi la simu liliitwa Jalala. Walikuwa wapenzi wa muziki kama arobaini hivi, wasiojuana sura, na kazi yao ilikuwa moja: mtu akiona uchambuzi mbovu wa muziki popote mtandaoni, anaupiga skrinishoti na kuja kuumwaga pale, kisha wote wanauchambua mchambuzi. Wakubwa wa Jalala walikuwa watatu: Sindano, nesi mmoja wa zamu za mchana, na Mwalimu wa Hesabu, mtu mpole sana, alivyosema Sindano, mpaka umwonyeshe sentensi ya kijinga.

Chakula chao kikuu kilikuwa kijana mmoja mwenye ukurasa uitwao Sikio la Tatu. Yeye mwenyewe alieleza kwamba watu wa kawaida wana masikio mawili, ila yeye amejaliwa la tatu, la ndani. Alikuwa na wafuasi wengi, na kila wiki redio moja ilimpa nusu saa ya kutoa alama kwa nyimbo mpya. Jalala hawakumwita Sikio la Tatu hata siku moja. Walimwita Sikio la Kufa, lile lisilosikia dawa.

Nitatoa mfano mmoja ujue kwa nini. Msanii fulani aliweka wimbo mtandaoni, kumbe faili lilikuwa na hitilafu, sekunde arobaini za katikati hazina sauti kabisa. Kesho yake msanii akaomba radhi, akaweka wimbo mzima. Lakini Sikio alishaandika usiku uleule: "Hapa msanii anatunyamazia kwa ujasiri. Kimya hiki ni kizito kuliko ala zote." Nesi akaandika kwenye Jalala: "Mgonjwa wangu akininyamazia sekunde arobaini siandiki habari za ujasiri. Naita daktari." Sindano alinisomea hilo tukiwa kazini, akacheka mpaka bosi akachungulia mlangoni.

Hadi hapo ilikuwa mchezo. Uliacha kuwa mchezo pale nyimbo za bendi ya baba yake zilipotolewa upya.

Kampuni fulani ilizisafisha rekodi za zamani, nyimbo nane, ikaziweka mtandaoni. Sindano alitembea wiki nzima kama mtu aliyepata mtoto. Kisha Sikio akaandika. Alizipa alama tatu kwa kumi. Nakumbuka maneno yake kwa sababu niliyasikia yakisomwa zaidi ya mara ishirini: "Ni muziki uliochoka kabla haujazeeka. Saksafoni inakoroma kama mlinzi kazini. Katika wimbo wa tatu pembe inachelewa, inaburutwa na ngoma kama mtoto asiyetaka kwenda shule." Pembe ni hiyohiyo saksafoni yake.

Siku hiyo Sindano alishona kaptura kumi na nne mifuko ikiwa imezibwa midomo. Nilimwona anazifumua.

"Saksafoni," alisema. "Ananiambia saksafoni."

"Achana naye, dada."

"Nimwache? Baba amepuliza ile tarumbeta mpaka meno yakamtoka, halafu mtu anakuja kuiita saksafoni?"

Wakati wa mapumziko alikaa juu ya robota la vitambaa akaandika. Hakuandika kwenye Jalala safari hii, aliandika kwenye ukurasa wa Sikio mwenyewe, mbele ya wafuasi wake wote. "Ndugu Sikio, bendi hii haikuwahi kuwa na saksafoni. Haikuwahi hata kupita mbele ya duka linalouza saksafoni. Unayoisikia ni tarumbeta, na aliyeipuliza ni baba yangu. Mchambuzi asiyejua tarumbeta na saksafoni ni kama fundi asiyejua shati na suruali. Atakuvisha, ndiyo, lakini utatembea miguu imeingia kwenye mikono."

Hilo la miguu kwenye mikono lilisambaa kama moto wa nyasi. Kufika jioni watu walishaweka picha za kuchora za Sikio amevaa shati miguuni. Sindano hakuwa amewahi kuonja kitu kama hicho. Alikuwa fundi wa mashine ya tatu, na sasa maelfu ya watu walikuwa wanarudia maneno yake.

Sikio hakukubali kosa. Kukubali kungemaliza yote, naamini hivyo mpaka leo. Badala yake aliulizia, akajua anayemsahihisha ni nani, akajibu: "Nimeambiwa anayenifundisha muziki ni mshona kaptura. Mama, wewe kaza vifungo. Muziki tuachie wenye masikio."

Basi. Ungeona chumba chetu kesho yake. Hata fundi wa mashine ya kwanza, mama wa kanisani asiyependa muziki wala ugomvi, alisema, "Ametutukana sote huyu."

Jalala nao walichafuka. Kundi lilitoka watu arobaini likafika mia nne, na walioongezeka si wote waliokuja kwa mapenzi ya muziki. Walifukua kila alichowahi kuandika. Wakapata picha yake akiwa mtoto kwenye kwaya ya shule, mdomo wazi, macho yamefumbwa, wakaisambaza na maneno ambayo siwezi kuyarudia. Mtu mmoja aliandika mtaa anaoishi mama yake. Mwalimu wa Hesabu akasema hilo lifutwe. Lilifutwa, lakini baada ya saa tano, na Sindano alikuwa na uwezo wa kulifuta saa ileile. Nilimuuliza kwa nini hakulifuta. Akaniambia alikuwa anashona. Alikuwa anashona, ni kweli. Na simu ilikuwa mapajani.

Upande wa pili nao hawakulala. Wafuasi wa Sikio walimwita Sindano bibi kizee, mchawi wa muziki wa makaburini, mwanamke aliyeachwa kwa sababu ya kelele. Mmoja alikuja mpaka kwenye chumba cha kushonea akapiga picha mlango wetu na kuuweka mtandaoni. Bosi aliiona.

"Nani hapa ndiye Sindano?" aliuliza, ingawa alijua.

"Mimi."

"Mkuu wa shule amenipigia. Ananiuliza kama sare zake zinashonwa na watu wanaotukanana mitandaoni. Nimjibu nini?"

"Mwambie pindo zimenyooka."

"Sikutanii."

"Na mimi sikutanii, bosi. Kama kuna upindo umepinda aulete."

Bosi alimtazama, akatazama rundo la kaptura zilizokwisha, akaona hakuna wa kumshonea kwa kasi ile, akaondoka. Lakini tangu siku hiyo alikuwa anampa vitambaa bila kusema naye.

Wazo la mtego lilikuwa la Mwalimu wa Hesabu. Alisema Sikio hasikilizi, anakisia; basi apewe kitu cha kukisia. Sindano ndiye aliyejua kitu gani. Siku moja bosi alipotoka, aliegemeza simu kwenye kapu la makola irekodi sauti na picha, akatupanga kama mkuu wa bendi.

"Mashine ya kwanza na ya pili, kanyaga polepole, sawasawa. Ya nne, kimbia uache, kimbia uache. Wewe wa ovaloki, subiri nikuinulie mkono, halafu ingia kwa nguvu zote. Asicheke mtu."

Tulishona dakika nne. Sikucheka. Nilipoinuliwa mkono niliingia kwa nguvu zote, nikapitisha kitambaa kitupu mpaka uzi ukakatika, na pasi ya mvuke ikatoa pumzi yake mwishoni bila kuambiwa. Sindano alisikiliza kwa hedifoni, akatikisa kichwa, akasema, "Mashine ya pili umeharakisha, lakini yeye hatajua."

Waliupa mlio huo jina, Ngoma za Ng'ambo ya Mto. Mwalimu akaandika barua ya kitaalamu: rekodi ya wazee wasiojulikana, imetoka mahali pasipo na barabara, imepatikana kwenye sanduku la mtafiti aliyefariki. Nesi akapiga picha ya ukuta wa hospitali uliobanduka rangi, ikawa jalada. Wakamtumia sauti peke yake.

Alijibu baada ya siku tatu, kwa uchambuzi mrefu kuliko wote aliowahi kuandika. Alama tisa kwa kumi. Alisema hizi ndizo ngoma ambazo viwanda vya muziki vimetunyima. Alisema unasikia subira ya watu wasiojua saa. Na mahali fulani katikati aliandika: "Kisha inaingia ngoma ya tatu, kali, ya pupa, isiyoomba ruhusa. Mpigaji huyu hakufundishwa na mtu. Amezaliwa nayo."

Ngoma ya tatu ilikuwa mimi. Nakiri kwamba niliisoma aya hiyo mara nne, nimejificha chooni. Nina miaka kumi na minane kwenye ovaloki na hakuna mtu aliyewahi kuandika neno juu yangu. Sikumwambia Sindano.

Yeye alikuwa amesimama katikati ya chumba, simu mkononi, uso unang'aa. "Tatu kwa baba yangu," alisema. "Tisa kwa cherehani."

Siku iliyofuata wakaweka video. Ndani yake tunaonekana sote, mashine sita, kaptura, Sindano anainua mkono, mimi naingia. Chini aliandika: "Wazee wa Ng'ambo ya Mto wanakusalimu. Vifungo tumeshakaza." Sijawahi kuona kitu kikienda mbio namna ile. Watu wasiojua hata ugomvi ulianzaje walicheka nchi nzima. Wiki haikuisha, redio ikasema kipindi cha Sikio la Tatu kimesimama kwa muda. Kila mtu alijua kusimama huko ni kama kwa mtu aliyesimamishwa kazi: hakirudi.

Akaja mwenyewe. Jumanne asubuhi, bosi akiwa ofisini, tukamwona mlangoni kijana mwembamba wa miaka kama ishirini na sita, shati limepigwa pasi vizuri, begi mgongoni. Tulitegemea mtu mkubwa. Maneno yale makubwa yote yalikuwa yanatoka kwenye kifua kile.

"Shikamoo, mama," alisema.

Sindano hakuitikia. Aliendelea kupitisha kitambaa. Chumba kizima kikasikia shikamoo ile inaning'inia bila jibu, na kijana akaisikia pia.

"Mimi ndiye..."

"Nakujua. Umekuja kukaza vifungo?"

"Nimekuja uso kwa uso. Nyinyi mnapenda kujificha nyuma ya kundi."

"Nimejificha wapi? Picha ya mlango wangu iko kwenye ukurasa wa watu wako."

Alishusha begi. Nilidhani atatoa silaha, kumbe alikuwa anatafuta tu pa kuweka mikono. "Sawa," alisema. "Saksafoni nilikosea. Sijui kupiga chombo chochote, sikusoma muziki, nyumbani kwetu hapakuwa na hata redio. Nilijifunza kwa kusikiliza tu. Lakini zile nyimbo za baba yako nilizisikiliza mara saba. Mara saba. Na wimbo wa tatu pembe inachelewa. Umenijibu saksafoni, umenijibu suruali, hilo la kuchelewa hujanijibu mpaka leo."

"Toka."

"Jibu kwanza."

"Mtu aliyepigiwa cherehani akasikia mababu, nimjibu nini kuhusu muziki?"

Hapo sauti yake ikapanda. "Niliipenda! Sikudanganya. Ile ya tatu inavyoingia, niliipenda kweli. Nyinyi mliifanya kwa kunicheka, basi, lakini mimi sikuandika uongo." Akatutazama mmoja mmoja, kama anayetafuta ni nani. Nikainamisha kichwa.

Sindano alizima mashine. Akasimama, akachukua futi ya kupimia, akamwendea, akamzungushia kichwani kama anayempima kofia. "Inchi ishirini na mbili," alitangaza. "Kikubwa hivi, na ndani hamna kitu."

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Kijana alimpiga mkono, futi ikaanguka, na bosi akatoka ofisini akipiga kelele kila mtu atoke au akae. Alitoka yeye. Mlangoni aligeuka akasema, "Mlishanimaliza. Mngeniachia hilo moja tu la kuchelewa." Sindano alishaanza kuandika kwenye simu. Kabla ya chakula cha mchana Jalala wote walikuwa na habari ya inchi ishirini na mbili, na maneno "niliipenda kweli" yamegeuzwa kibwagizo.

Jumamosi tulifanya kazi nusu siku, nikaenda kwao kumpelekea Mzee dawa yake ya miguu niliyomnunulia njiani. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni. Sindano hakuweza kungoja. Alimsimulia yote tangu mwanzo, la saksafoni, la mtego, la futi, akiigiza sauti ya kijana. Mzee alitabasamu kwenye saksafoni. Kwenye mtego alicheka kwa ufizi, akanigeukia: "Wewe ndiye uliyeingia kwa pupa?" Nikasema ndiyo. "Hongera, mwanangu." Kisha akauliza, "Huyo kijana alisema nini hasa juu ya tarumbeta?"

"Upuuzi, baba. Ati wimbo wa tatu unachelewa."

"Uweke."

"Baba, wa nini?"

"Nimesema uweke."

Aliuweka kwenye simu. Mzee akasikiliza ameinamisha kichwa, kidole kinagonga goti. Ubeti wa kwanza ukapita. Ilipoingia tarumbeta, kidole kikagonga, tarumbeta ikafuata; kikagonga, ikafuata. Sindano alikuwa na masikio yale niliyowaeleza. Niliuona uso wake ukibadilika, nikajua kwamba alishasikia zamani. Pengine alisikia tangu utotoni.

"Inachelewa," alisema Mzee.

"Ni mtindo wako, baba. Ulikuwa unavuta kidogo."

"Mtindo gani? Siku ile jino hili lilikuwa limevimba mpaka jicho limefunga. Tulikuwa na nafasi ya siku moja tu ya kurekodi. Nilipuliza nikilia. Kila nikitaka kuingia nasubiri maumivu yapite. Wenzangu wote walijua. Watu waliucheza ule wimbo miaka yote na hakuna aliyewahi kuniambia. Huyo mtoto amesikia."

"Amesikia saksafoni!"

"Jina la chombo amekosea. Nilichofanya amekisikia." Akaisukuma simu kando, akauliza, "Na mkamfukuzisha kazi?"

"Alijifukuzisha."

"Wewe una roho ya nani? Si yangu."

Waligombana pale mbele yangu. Sindano alisema yote aliyafanya kwa ajili yake. Mzee akasema hakumtuma. Sindano akasema kama anampenda sana Sikio la Kufa akamlee. Niliweka dawa dirishani nikaondoka bila kuaga.

Wiki nzima Sindano alishona kwa hasira, na sindano mbili zilivunjika. Ijumaa, wakati wa mapumziko, alikaa juu ya robota lilelile akaandika kwenye ukurasa wake ambao sasa ulikuwa na maelfu: "Saksafoni ni saksafoni na tarumbeta ni tarumbeta, hapo sirudi nyuma. Lakini wimbo wa tatu, pembe inachelewa. Baba yangu mwenyewe amesema. Siku ya kurekodi alikuwa na jino bovu. Mchambuzi alisikia sawa na mimi nilijua."

Alinionyesha kabla ya kutuma. Nikamwambia, "Dada, hawa watu si wa kuwapa kitu kama hicho."

"Hawa ni watu wangu," alisema, akatuma.

Wale waliomjua, Nesi na Mwalimu, walimwandikia vizuri. Walikuwa wawili. Wengine walikuja na meno. Amenunuliwa. Amemwonea huruma kwa sababu ni kijana mzuri. Mmoja akauliza kama jino lile la baba yake nalo lilipiga saksafoni. Wakachukua video yetu, wakakata mahali Sindano anapoinua mkono, wakaweka sauti ya tarumbeta ya Mzee ikichelewa, mara kumi mfululizo, na yeye anaonekana kama anaingojea. Ilichekesha, tusidanganyane. Ilisambaa kuliko ya kwanza. Na walioitengeneza walikuwa watu wa Jalala.

Sikio naye hakusema asante. Alipiga skrinishoti maneno ya Sindano, akaweka kwenye ukurasa wake na neno moja tu: "Nilisema." Kisha ukurasa ukafungwa. Nilisikia baadaye anafundisha watu kuendesha gari.

Sindano alijitoa Jalala siku ileile walipomwekea ile ya mara kumi. Hakuaga. Alilipuka tu kwa tusi moja refu la sauti, lile la wanaume wa vijiweni, na mama wa kanisani akafunika masikio. Bosi akampunguzia zamu kwa sababu mkuu wa shule alipiga simu tena. Alirudi kushona siku nne kwa wiki, amenuna, na mtu akitaja muziki anawasha mashine.

Nilikwenda kwao tena baada ya mwezi, nikitegemea kukuta baba na binti wamepatana, maana alichoandika ni ukweli wa Mzee mwenyewe. Nilimkuta Mzee amevimba kwa hasira, anaongea kutoka chumba cha ndani, binti yuko nje anaanika nguo.

"Nilikuambia wewe! Nilikuambia wewe mwanangu, sikuiambia dunia! Jino langu linajulikana mpaka kwa watu nisiowajua!"

"Si ulitaka haki itendeke?"

"Haki! Kama ni haki basi usinitose peke yangu. Waambie na mpiga gita la pili. Wimbo wa sita, nyuzi mbili hazikuwa zimekazwa, kwa sababu alikuja amelewa. Mbona hilo hujaliandika?"

Sindano alikung'uta shati la baba yake kwa nguvu, maji yakanirukia usoni, akalibana kwenye kamba kwa vibanio viwili.

"Amekufa yule, baba."

"Amekufa, ndiyo! Na gita bado linasikika bovu!"